Mkono wa Kulia

Daktari Gedion aliuliza swali moja tu, na likajibiwa na mtu asiyeulizwa.

"Mama anatumia mkono gani?"

"Wa kulia," akasema Nassor, mume wa mgonjwa, kabla mkewe hajafumbua kinywa. "Sisi ni Waislamu, Daktari. Kwetu hakuna mashoto."

Daktari, aliyekuwa akiandika jibu hilo kwa mkono wake wa kushoto, alisita kidogo, kisha akamgeukia mgonjwa mwenyewe.

"Ni kweli, mama?"

Tumu alitazama miguu ya mama mkwe wake, Bi Mwanashee, aliyeketi kati yake na mumewe. Alikuwa akila kwa mkono wa kulia, akisalimia watu kwa huo, akipokea na kutoa kwa huo. Mtu akiulizwa habari ya mkono wa kulia na yeye hula kwa huo, hajasema uongo.

"Ni kweli," akajibu.

Ila mkono huo haukuwa ndio unaomlisha. Kwa miaka ishirini na moja, katika chumba cha nyuma cha nyumba yao ya Kisauni, mlango ukiwa umerudishwa, Tumu alikuwa akikata vitambaa vya watu kwa mkono wa kushoto. Kanzu, madera, sare za shule, vyote vilipitia mkono huo. Mbele za watu mkono huo ulikaa mapajani kama mgeni.

"Basi tutaweka kushoto," daktari akasema. "Tunachukua mshipa unaoleta damu na ule unaoirudisha, tunaiunganisha hapa karibu na kifundo. Baada ya wiki sita, nane hivi, mshipa unanenepa na kuwa imara. Sindano za mashine zitaingia hapo, nao mpira wa shingoni tutautoa. Huwa tunachagua mkono ambao mtu hautegemei kwa kazi, maana hautabeba mzigo mzito, hautafungwa bangili ya kubana, wala hautapimwa presha."

Mpira huo wa shingoni, ambao damu ya Tumu ilipitia kwenda kwenye mashine ya figo na kurudi mara mbili kwa wiki, ulikuwa umeingia uchafu mara mbili. Mara ya kwanza alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Mara ya pili alilazwa siku tano, na katika siku hizo alikuwa akizungumza na marehemu mamake, tena kwa furaha.

"Mara ya tatu sitaki kuiona," akasema Daktari Gedion.

"Inaitwa fistula," akaongeza sista Mueni, muuguzi wa mashine, huku akimvisha Tumu ukanda wa plastiki kwenye mkono wa kushoto. Ukanda ulikuwa umeandikwa kwa wino mwekundu: USIDUNGE. "Mkono huu ni akiba, mama. Mtu akija na sindano, mwonyeshe hapa."

*

Jina hilo ndilo Nassor alilolibeba mpaka barazani. Nassor alikuwa karani wa kuandikisha malori kule Kipevu, naye alipenda habari za nyumba yake zitoke kwa kinywa chake mwenyewe, zisipotoshwe na watu. Baada ya sala ya alasiri, kahawa ilipokuwa ikimiminwa, aliwatangazia wenzake kwamba mkewe atapasuliwa fistula.

Wazee wakanyamaza. Mmoja akaweka kikombe chini. Mwingine akasema, "Mola amsitiri," akatazama upande wa barabara.

Nassor aliupokea ukimya huo kama heshima. Hakukumbuka kwamba kwa miaka na miaka redio ilikuwa ikiwafundisha watu kuhusu fistula, jeraha la uzazi, mwanamke anavuja mkojo bila kujizuia na jamaa zake wanamkimbia. Redio ilikuwa imefanya kazi yake vizuri. Kufikia magharibi mtaa mzima ulijua kwamba mke wa Nassor anavuja.

Kesho yake jirani mmoja alileta leso kuukuu sita, zimekunjwa vizuri. "Za kujisaidia," akanong'ona, akaondoka mbio. Tumu alishukuru bila kuelewa.

Alielewa alipokuja Rispa. Huyu Rispa alikuwa kiongozi wa kwaya kutoka Ziwa la Ng'ombe, naye alikuwa ameleta jora la kitambaa cha zambarau ashonewe majoho kumi na manane, kwa sherehe ya kanisa iliyokuwa imebakisha wiki saba. Siku zote alikuwa akiingia mpaka kwenye charahani na kujikalia juu ya kitanda. Siku hiyo aliketi kizingitini.

"Dada Tumu, pole sana. Jana tumekuombea, kwaya nzima."

"Ahsante sana. Lakini karibu ndani, Rispa."

"Hapa panatosha. Kuna hewa." Pua yake ilikuwa ikifanya kazi polepole, kama ya mtu anayetafuta gesi inavujia wapi. "Nilikuwa nasema hivi, hicho kitambaa. Kama hujakigusa, nikichukue tu. Wewe upumzike."

"Nipumzike kwa nini? Operesheni yenyewe ni ya mkono."

"Ya mkono?"

"Fistula ya mkono."

Rispa alimtazama kwa huruma kubwa. "Dada, mimi ni mwanamke mwenzako. Nimezaa wanne. Usinionee haya."

"Wallahi ni ya mkono! Ni mishipa inaunganishwa hapa, kwa ajili ya mashine." Tumu akanyoosha mkono wenye ukanda. Rispa akasoma USIDUNGE, na maandishi hayo yakamzidishia mashaka.

"Sawa. Ya mkono," akasema, kwa sauti ambayo mtu humtulizia mtoto. "Lakini si ni nguo za kanisa, unaelewa. Zitakaa hapa siku nyingi, ndani ya chumba..."

Hakumaliza. Tumu alihisi uso unamchoma. Alitaka kulirusha jora lile barabarani. Badala yake alisikia sauti yake ikibembeleza.

"Nipe nafasi. Zikibaki wiki mbili na sijamaliza, njoo uchukue kitambaa chako na arubuni nikurudishie."

Rispa akakubali, akaondoka bila kumpa mkono.

*

Alasiri hiyo Tumu alijifungia chumbani, akalitandaza lile jora mezani, akachora kwa chaki. Halafu akauhamishia mkasi mkono wa kulia. Kama mkono wa kushoto utapasuliwa, alijiambia, basi huu mwingine uanze shule mapema.

Mkasi wa fundi ni chuma kizito, na kidole gumba cha kulia hakikujua kisukume wapi. Kitambaa kilijikunja katikati ya makali. Akakaza. Mkono wa joho la kwanza ulitoka ukingo wake kama umeng'atwa na panya.

"Wafanyani na mkono usio wako?"

Bi Mwanashee alikuwa mlangoni, na bakora yake. Tumu aliuweka mkasi chini kana kwamba ni kitu cha wizi.

"Hakuna, Mama."

"Ushike kwa mkono unaoujua. Kitambaa cha watu hicho."

Nje, mkokoteni wa maji ulipita ukigonganisha mitungi.

"Tangu lini umejua?" Tumu akauliza.

"Tangu mwaka ulioolewa. Mlango huu haujapata kufunga sawasawa. Ulikuwa wamkatia marehemu mume wangu kanzu ya Idi. N'kasema, ala, mkwe wangu yuwakata kwa kushoto. Kisha kanzu ikaja, ikaanguka mwilini kama maji. N'kanyamaza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, adabu ingekubidi uwate kuutumia. Na mimi kanzu za wanangu n'kazishonee wapi?"

Tumu akacheka, na kicheko kikauvuta mpira shingoni, kikamuuma, na kabla hajajua alikuwa analia. Aliyaona maisha yake yote katika chumba hiki, miaka ishirini na moja ya kusikiliza hatua za bakora na kutupa mkasi kila zilipokaribia, na kumbe bakora ilikuwa ikigongwa makusudi, ili apate wasaa wa kuutupa.

"Na mbele ya daktari? Mbona ulinyamaza, Mama?"

Bi Mwanashee akajiweka taratibu ukingoni mwa kitanda. "N'lidhani utasema wewe. Nawe ukidhani n'tasema mimi. Na mwanangu, yeye yuwasema tu, hata lile asilolijua. Siye watu wa adabu, mwanangu. Tutakufa nayo."

*

Siku ya mashine iliyofuata walikwenda wote watatu. Nassor aliombewa ruhusa kazini na mamake mwenyewe, kwa simu, na hakuambiwa sababu.

"Daktari," alianza Bi Mwanashee kabla ya kukaribishwa kiti, "ulimuuliza mkono, akakwambia wa kulia. Ni kweli. Ni wa kulia wali. Mkono wake wa kazi ni huu hapa."

Daktari Gedion akaweka kalamu chini. "Mama Tumu, kwa nini hukusema? Mimi mwenyewe ni mashoto, si uliniona?"

"Nilikuona," akasema Tumu. "Lakini wewe ni daktari."

Nassor alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeingia msikitini akakuta sala imegeuzwa kibla. "Miaka ishirini na moja," akasema. "Kanzu yangu ya harusi ya binamu Riyadh ilikatwa kwa mkono gani?"

"Ulisifiwa au hukusifiwa?" akauliza mamake.

"Nilisifiwa."

"Basi."

Daktari alikuwa tayari ameufunga mkono wa kulia wa Tumu kwa mpira, akaupaka ile dawa baridi ya kuteleza, akaanza kukipitisha kile kifaa cha kutazamia mishipa. Alikipandisha mpaka juu ya kiwiko, akakishusha, akakipandisha tena. Kisha akakirudisha mahali pake.

"Mkono huu ni nani aliyeudunga kiasi hiki?"

"Ni sisi," akasema sista Mueni, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Tangu wodini. Dripu, damu ya kupima, dawa. Kila tukisema mama leta mkono, analeta huu. Mimi nikafikiria labda ule mwingine unamuuma."

"Haukuwa ukiuma," akasema Tumu. "Ila mtu hampi mtu mkono wa kushoto."

Hapo pakawa hapana wa kumlaumu. Mishipa ya mkono wa kulia ilikuwa imekakamaa na kuziba, imekwisha kwa heshima. Ya kushoto, iliyofichwa mapajani miezi yote hiyo, ilikuwa mizima kama ya msichana.

Daktari akaeleza bila kuzungusha. Wanaweza kuuacha mpira wa shingoni, na kila mwezi ukiendelea kukaa ni kucheza na ile homa. Ikirudi inaweza kushuka mpaka moyoni. Wanaweza kuweka mrija wa plastiki chini ya ngozi ya mkono wa kulia, lakini mtaalamu wa kazi hiyo huja kwa nadra, na mrija huo huziba na kuingia vidudu kuliko mshipa wa mtu mwenyewe. Au wachukue mshipa wa kushoto, ambao ni mzuri, lakini uko kwenye mkono wake wa kazi.

"Tena nafasi ya upasuaji imepatikana Jumatatu. Ikipita, ni kungoja miezi miwili."

"Tuuache wa shingoni," Nassor akasema mara moja. "Tuuangalie vizuri tu. Inshallah hautaleta matata tena. Mke wangu ni fundi, Daktari. Mkono wake siwezi kuuchezea."

Alikuwa amejua kwa dakika kumi kwamba mkono huo upo, na tayari alikuwa msemaji wake.

"Nassor," akasema Tumu.

Hakuwa amezoea kumwita jina mbele za watu.

"Ile homa nilitetemeka mimi. Wewe ulikishika kitanda." Akamgeukia daktari. "Nitaweza kushika mkasi?"

"Wengi wanaweza. Lakini kuna ambao vidole huwa baridi, hupoteza nguvu, kwa sababu damu inapita njia ya mkato. Siwezi kukuapia."

Tumu aliutazama mkono wake wa kushoto juu ya meza ya daktari, mbele ya mumewe, mama mkwe na muuguzi, mahali ambapo haujapata kuwekwa.

"Fanya huu," akasema. "Nikifa, mkasi ataushika nani?"

*

Zilibaki siku tatu. Tumu alikata majoho saba, mlango ukiwa wazi. Jumatatu alipasuliwa akiwa macho, mkono umetiwa ganzi, na alimsikia mpasuaji akiuliza matokeo ya mpira wa miguu. Jioni alirudi nyumbani na bandeji, na chini ya bandeji kitu kikitetemeka mfululizo. Bi Mwanashee akatega sikio.

"Mkono wanguruma kama paka alokula," akasema, akaridhika.

Majoho kumi na moja yalibaki hayajakatwa, na mafundi wawili wa mtaani walikataa. Mmoja alisema ana kazi nyingi, mwingine alisema mkewe hataki kitambaa kilichotoka nyumba hiyo. Hivyo Ijumaa, baada ya kutoka Kipevu, Nassor aliitwa chumba cha nyuma, akapewa mkasi.

"Mimi?"

"Wewe si wa kulia?" akauliza Tumu kutoka kitandani, mkono wake umelazwa juu ya mto.

Nassor alirudi akaufunga mlango kwanza, na ulipokataa kufunga akausukumia kiti. Kisha akaanza.

"Fuata chaki."

"Naifuata."

"Unaifuata kama lori linatafuta maegesho. Usiinue kitambaa, kiache kilale mezani. Sukuma mkasi, usiutafune."

"Tumu, mkono unauma."

"Ndiyo. Huuma."

Alikata kwa Ijumaa mbili na Jumapili mbili. Jasho lilimtoka, na mara moja alikata mpaka kitambaa cha meza. Mapumzikoni alikuwa akiketi na kuliangalia lengelenge kwenye kidole gumba chake, halafu akimwangalia mkewe, na hakusema alilokuwa akiliwaza, jambo ambalo kwake lilikuwa geni. Kuanzia wiki ya nne Tumu aliketi kwenye charahani, akishona taratibu, mkono wa kushoto ukielekeza tu kitambaa.

Rispa alikuja kuchukua majoho siku nne kabla ya sherehe. Alisimama kizingitini, akakagua moja moja kwenye mwanga wa nje, akayanusa kidogo, akijifanya anakagua ukosi. Mawili yalikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

"Na haya?"

"Wape wanaosimama nyuma," akasema Bi Mwanashee. "Mungu hatizami mikono."

Rispa akapunguza malipo kwa ajili ya hayo mawili, akaweka noti juu ya kizingiti badala ya kumpa mtu, akawatakia heri. Tumu aliziokota mwenyewe.

*

Wiki ya tisa sindano mbili ziliingia mkononi, na mashine ikavuta damu bila kulalamika. Zilipopita wiki tatu hivyo, Daktari Gedion akautoa mpira wa shingoni, akagandamiza kwa kidole dakika kumi akimsimulia habari za shamba la kwao.

Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilibaki baridi. Daktari alisema wataviangalia. Tumu hukata kwa vipande sasa, akipumzika, na palipokuwa na kanzu tatu kwa wiki huchukua moja. Nassor ameliacha lile jina barazani. Huita "operesheni ya mshipa," na huieleza vizuri, na ishara, lakini anayetaka kuamini kisa cha mwanzo hasumbuliwi na maelezo. Kwenye harusi wanawake bado humwachia Tumu nafasi pana pembeni ya mkeka. Yeye huitumia kunyooshea mkono.

Siku ya sita baada ya mpira kutolewa, sista Mueni alibandua bandeji, akakitazama kidonda, akasema kimefunga.

"Unaweza kuoga, mama."

"Mpaka kichwani?"

"Mpaka kichwani."

Kwa miezi minane Tumu alikuwa akioga kama chungu kinavyofutwa, kipande hapa kipande pale, kwa kitambaa kilicholowa, shingo imeinuliwa isiguswe na tone. Alirudi nyumbani hakusema na mtu. Aliingia msalani, akajimwagia kopo la kwanza utosini, akasimama akisikiliza maji yakishuka mgongoni. Akajimwagia la pili. Ndoo ilikwisha kabla hajaanza kusugua.

"Mama," akaita, kwa sauti ndogo, maana maji ya mtungi hununuliwa. "Naomba nyingine."

Alisikia bakora ikiwekwa ukutani, kisha ndoo ikiburutwa kwenye saruji, nusu hatua, nusu hatua, na mzee akihema. Akajifunga leso haraka. Pazia likasukumwa.

"Mama, ungemwambia Nassor aibebe!"

"Nassor yuko barazani, yuwaeleza watu mishipa." Bi Mwanashee akamnyang'anya kopo. "Keti tini. Wewe mkono mmoja mgonjwa, wa pili mvivu, utaoga mpaka lini?"

Tumu akaketi kwenye kigoda, magoti yamekutana na miguu ya mama mkwe wake. Vidole vya mzee, vigumu kama vijiti, vikamfungua nywele msuko mmoja mmoja, bila pupa, hata zikaanguka zote mabegani. Kisha akachota kopo likajaa pomoni, akaliinua.

"Fumba mato," akasema.